Ajenti kasema nitafanya kazi nikifika nilipe ada mwenyewe, ni kweli?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nipo Moshi, Pasua, nina miaka 27, nimesoma manunuzi na ugavi hapo MoCU. Nimepata ofa ya masta Uingereza ya mwaka mmoja kuanza Septemba 2026, ada pauni 17,000. Mzee yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Himo tulipe nusu, nusu nyingine ajenti anasema nitafanya kazi nikifika nilipe mwenyewe kwa awamu, na ikibidi kuna kazi za kulipwa mkononi hawahesabu masaa. Na mama ana mkopo wa vikoba nilitegemea niwe namtumia kidogokidogo. Kuna jamaa mwingine ananiambia bora Ujerumani. Naomba ushauri, mzee anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa ofa. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hili swali naletewa sana hapa Arusha, wengine wanakuja na wazazi wao kabisa wamekaa hapo mbele yangu na bahasha, na karibu wote wamepewa sentensi ileile, utafanya kazi utalipa. Jibu fupi ni hapana. Kazi utafanya, ruhusa ipo na hela utapata, ila hiyo hela ni ya chakula, nauli na chumba, kwenye ada haifiki, tena hata kwenye chumba inafika kwa kuchechemea. Ngoja nikupe hesabu ili ukikaa na mzee usiwe unabishana nae kwa maneno matupu.

Uingereza mwanafunzi wa digrii au masta mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa. Zidisha mara 20 unapata pauni 254 na kitu kwa wiki, ukichukua wiki zote za mwaka ukagawa kwa miezi 12 ni kama pauni 1,100 kwa mwezi. Na hapo nimekuhesabu wewe ni mtu wa ajabu ambae haumwi, hakosi shifti, hana mtihani, na kaanza kazi siku ileile aliyoshuka kwenye ndege. Sasa serikali yao hiyohiyo kwenye masharti ya viza inasema mwanafunzi anaesoma nje ya London anahitaji pauni 1,171 kwa mwezi za kujikimu, na wa London pauni 1,529. Umeona hapo? Ukipiga masaa yote unayoruhusiwa, mwaka mzima, bado hujafikia kile wanachokiita wenyewe gharama ya kuishi tu, ada hatujaigusa.

Alafu kuna kitu ajenti wako kakiruka kabisa na sidhani kama kasahau. Ili upewe viza lazima uonyeshe benki una ada yote ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujalipa, PAMOJA na hela ya kujikimu ya miezi 9. Kwa nje ya London hiyo ni 1,171 mara 9, pauni 10,539. Jumlisha na nusu ya ada iliyobaki, 8,500, unatakiwa uwe na pauni 19,039 zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya hapo hata siku moja. Mshahara unaotegemea kuupata ukifika hauhesabiwi. Kwa hiyo muulize ajenti swali moja tu, hizo 19,039 zinatoka wapi wakati kiwanja kimeshaisha kwenye nusu ya kwanza ya ada?

Mi najua majibu yanayotolewaga hapo. Kuna la kwanza, kwamba kuna mtu anakopesha hela ya kuonyesha, inakaa kwenye akaunti siku zake zikitimia anaichukua na riba yake. Ukikubali hilo unaondoka ukiwa na viza mkononi na deni nyumbani, na unatua kule ukiwa na hela ya wiki mbili tatu, sasa hapo ndo masaa 20 yanapoanza kuonekana machache na mtu anaanza kutafuta njia za panya. Jibu la pili ni baya zaidi, kwamba benki steitimenti itatengenezwa. Hilo usilisikilize hata dakika moja, maana wakigundua karatasi ya uongo sio kunyimwa viza tu, unaweza kufungiwa miaka 10, na jina linalofungiwa ni lako, sio la ajenti.

Na kwakuwa najua huku kwetu mara nyingi mjomba au kaka mkubwa ndo anabeba mzigo, ujue kwamba akaunti ya mjomba haikubaliki, ya shangazi haikubaliki, ya kaka haikubaliki. Kwa kawaida inatakiwa iwe yako mwenyewe au ya mzazi (au mlezi wa kisheria), na ikiwa ya mzazi unaambatanisha cheti cha kuzaliwa cha RITA na barua yake ya kuridhia. Mjomba akitaka kusaidia aihamishie kwako mapema, zikae hizo siku 28. Ongeza na ada ya huduma ya afya, wanatoza pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kwa mwanafunzi na unalipa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba, pamoja na ada ya viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu, na nauli za kwenda Dar zaidi ya mara moja. Hizi huwa hazipo kwenye karatasi ya ajenti au zimeandikwa chini kabisa kama gharama ndogondogo.

Haya, tuseme umepita hayo yote umefika. Hapa ndo naona watu wengi hawaelewi, tatizo la hela ya kazi sio udogo tu, ni kwamba inachelewa. Vyuo vingi vinavyokubali awamu vinataka awamu ya pili karibu na Januari. Wewe unafika katikati ya Septemba, unatafuta chumba, unajisajili chuo, unafungua akaunti ya benki ambayo nayo ina foleni yake, unaomba namba ya National Insurance, ile ya kukatiwa kodi na bima ya taifa kazini, unaandika CV upya. Mtu aliyebahatika sana anaanza kazi mwanzoni mwa Novemba. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Januari ni wiki 13, mara pauni 254 ni kama 3,300, tukiongeza na wiki tatu za likizo ya Krismasi ambazo kwa kawaida unaruhusiwa kufanya masaa yote, umefika kama 4,070. Hiyo ni kabla hujalipa chumba hata mwezi mmoja na kabla hujala. Chuo kinakudai 8,500. Usipolipa wanakufungia mifumo, ukiendelea wanakusimamisha, na wakishakusimamisha wanawajibika kuiarifu idara ya uhamiaji kwamba hawakudhamini tena, basi na viza inafutwa. Nimeona mtu anarudishwa mwezi wa tatu akiwa na alama nzuri kabisa darasani, hakufeli somo hata moja, kafelishwa na hesabu ya awamu.

Kuna la pili kuhusu hizo kazi zenyewe. Nyingi ambazo mwanafunzi mgeni anazipata mwanzoni ni za migahawa, maghala, usafi, maduka makubwa, kumbi za sherehe, na mikataba yake mingi ni ile isiyokuahidi saa hata moja, wiki hii wanakupa shifti tatu wiki ijayo sifuri. Oktoba na Novemba maduka na maghala yanaajiri sana kwa ajili ya Krismasi, Januari inakuwa kama mji umehamwa, simu haiiti. Kwa hiyo hata zile 20 ni ukomo, hakuna mtu aliyekuahidi kwamba utazipata.

Sasa masharti yenyewe, maana watu wanadhani ni namba 20 tu na mambo yameisha. Wiki yao inahesabiwa Jumatatu mpaka Jumapili na haigawanywi kwa wastani, ukifanya masaa 26 wiki hii na 14 wiki ijayo wewe umevunja sheria wiki hii, hawasemi jumla yake ni 40 basi sawa. Ukiwa na kazi mbili zinajumlishwa. Kazi ya kujitolea isiyo na mshahara nayo inaweza kuingia kwenye hesabu. Na ile ya kumfanyia mtu wa Moshi vitabu vya duka lake kwa kompyuta usiku ukiwa kule, nayo ni kazi, maana wanaangalia wewe upo wapi wakati unaifanya, haijalishi hela inatoka wapi.

Kujiajiri hairuhusiwi kabisa, na hapa vijana wengi wanadakwa bila kujua. Kusambaza chakula kwa baiskeli kwa Uber Eats au Deliveroo kule ni kujiajiri, kwa hiyo wewe huruhusiwi hata saa moja, na ule mchezo wa kukodi akaunti ya mtu mwingine ili uendeshe kwa jina lake ni kosa juu ya kosa. Kuuza vitenge onlaini, kusuka nywele za watu chumbani kwa malipo, kuwa na chaneli inayokuingizia hela, yote hayo yanahesabika biashara. Najua inauma kwa sababu Mchaga bila biashara ndogo pembeni anajiona kama amefungwa kamba, ila ndo sheria yao ilivyo.

Kuna mtego mmoja ambao ni wa watu wa masta peke yake na kwa kweli ndo ninaoutaja kwa kila mtu. Wa digrii ya kwanza wakifunga mwezi wa sita wako likizo, wanafanya kazi masaa yote mpaka Septemba. Wa masta ya mwaka mmoja hawana hiyo likizo, ile miezi ya kiangazi ni ya kuandika dizetesheni na inahesabika bado upo masomoni, kwa hiyo unabaki na masaa 20 yaleyale mpaka tarehe rasmi ya kozi kuisha. Ajenti akikuchorea mpango kwamba kiangazi utapiga masaa 40 ufidie ada, amekuchorea mpango wa mtu wa digrii ya kwanza. Ukishafika omba chuo barua yenye tarehe za muhula na likizo kwa kozi YAKO, maana mwajiri nae ataitaka.

Tuje kwenye hizo za mkononi zisizohesabiwa masaa. Zipo, sikatai, hata mtoto mdogo anajua zipo. Ila fikiria kidogo kwanini mtu akulipe mkononi wakati anaweza kukuajiri kihalali. Anakulipa chini ya kima cha chini, hakupi likizo ya kulipwa ambayo kisheria hata wa masaa machache anaistahili, ukiumia mgongo ghalani hakujui, na siku akikataa kukulipa wiki tatu zako huna pa kwenda kumshtaki kwa sababu ukienda umejishtaki mwenyewe. Na ukikamatwa haiishii kwenye faini, viza inakatwa katikati ya masomo. Kwa mtu ambae kiwanja cha baba ake kimeuzwa, sioni hesabu inayokubali hiyo hatari kwa ajili ya masaa kumi ya kuosha vyombo.

Mwingine atakwambia sio tatizo, ukifika tu unabadilisha viza unaingia kwenye kazi ya kulea wazee, wenyewe wanaita kea. Hiyo habari imepitwa. Tangu Julai 2023 mwanafunzi haruhusiwi kuhamia viza ya kazi kabla hajamaliza kozi yake, na Julai 2025 walifunga kabisa mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi. Kulea wazee kama kazi ya masaa 20 unaweza, inalipa afadhali kidogo na shifti zipo hata wikiendi, ila wanakuchunguza rekodi ya uhalifu kwanza, na ni kazi nzito ya mwili na roho, mtu asikudanganye kwamba ni kukaa na bibi mnaangalia TV. Kama una mchumba na mlipanga aje nae, tangu Januari 2024 wa masta za kufundishwa darasani hawaruhusiwi kuleta mwenza wala watoto. Na ile viza ya kubaki baada ya kumaliza, iliyokuwa miaka 2, kwa atakaeomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 imekatwa kuwa miezi 18. Wewe ukianza Septemba 2026 unamaliza 2027, kwa hiyo ya kwako ni 18, hata kama karatasi za ajenti bado zimeandikwa 24.

Sijasema usiende Uingereza. Nasema usiende na bajeti ambayo mshahara wa kule umebeba ada. Mtu ambae ada yote imelipwa na ana chumba cha miezi mitatu ya mwanzo mkononi, huyo masaa 20, pamoja na ile hela ya kujikimu aliyoionyesha kwenye viza, yanamtosha kabisa, anakula vizuri, anasoma, anapata uzoefu, wengine mpaka wanabakiza. Na huyo hakimbilii kazi yoyote, anaweza kusubiri za chuoni, maktaba, mapokezi, kutembeza wageni siku za kufungua chuo, mgahawa wa chama cha wanafunzi, ambazo ziko karibu na darasa na mabosi wake wanajua ratiba ya mitihani. Hizo zinatangazwa mapema sana, nyingine hata kabla hujaondoka, kwa hiyo ukishakuwa na barua pepe ya chuo anza kuangalia tovuti yao ya ajira kila siku. CV yako ya huku ibadilishe, toa picha, toa tarehe ya kuzaliwa, toa dini, toa hali ya ndoa, ibaki kurasa mbili zenye ulichofanya kazini. Kama uliwahi kusimamia stoo hata ya duka la hadweya pale Kiboriloni andika kwa maelezo, bidhaa ngapi, mfumo gani, watu wangapi chini yako, maana kwa kozi yako ya ugavi hiyo inaonekana.

Kodi isikutishe, pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazikatwi kodi ya mapato, kwa hiyo kwenye masaa 20 utakatwa kidogo sana. Ila mwezi wa kwanza wanaweza kukukata nyingi kwa sababu bado hawajapata taarifa zako, usipige kelele, inarekebishwa kwenye mishahara inayofuata. Tunza salari slipu zote.

Ujerumani sasa. Huyo jamaa yako hajakosea, ila kakupa nusu ya habari. Uzuri wake ni kwamba vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi ada, unalipa mchango wa muhula ambao mara nyingi unakuja na tiketi ya usafiri. Kuna tofauti zake, jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni kama sisi euro 1,500 kwa semesta, na chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza wageni, kwa hiyo soma tovuti ya chuo husika. Badala ya ada wanataka ufungue akaunti maalumu inayofungwa, inaitwa Sperrkonto, uweke euro 11,904 za mwaka mmoja, na ukifika wanakuachia 992 kila mwezi. Tofauti na ile ya siku 28, hii hela ni yako na unaikuta kule, unaila mwenyewe. Ndo maana naipenda, kwa sababu inakulazimisha usafiri ukiwa na hela ya kweli, na ile biashara ya kukopeshwa ya kuonyesha inakuwa ngumu sana.

Kazi wanaruhusu siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, walipandisha kutoka 120 na 240 mwezi Machi 2024. Kima cha chini kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Masaa 20 kwa wiki yanakupa kama euro 1,200 kwa mwezi kabla ya makato, na hiyo imezidi zile 992, kwa hiyo kule kweli mtu anaweza kujiendesha, hasa mwaka wa pili. Na kazi za usaidizi ndani ya chuo, zile wanaita HiWi, hazihesabiwi kwenye siku 140. Ila ukizidisha masaa 20 kwa wiki katikati ya muhula, mahesabu ya bima yanabadilika na makato yanaongezeka. Kujiajiri bila kibali nako hakuruhusiwi.

Ubaya wake sasa, ni lugha. Masta za Kiingereza zipo nyingi, darasani utaelewana nao, ila mwenye duka la mikate hajali masta yako ni ya lugha gani, anataka umwelewe mteja. Wanaokwenda bila Kijerumani wanaishia maghalani na usafi usiku, wanaokwenda na B1, yaani Kijerumani cha kiwango cha kati, wanapata kazi za ofisini kwenye fani yao, na kwenye ugavi Wajerumani wanaajiri sana wanafunzi ofisini. Anza kujifunza sasa hivi, mitihani yenyewe ipo Goethe, taasisi ya lugha ya Wajerumani pale Dar, na huku Kaskazini ukiulizia makanisani hukosi mtu aliyeishi kule akakufundisha kwa bei ya kuelewana. La pili ni umri. Una 27, ukianza vuli ya 2027 una 28, kozi ni miaka miwili, unagusa 30, na bima ya afya ya bei ya mwanafunzi ambayo ni zaidi ya euro 130 kwa mwezi inaishia semesta unayotimiza 30, baada ya hapo bei inapanda. Usipoteze mwaka mwingine zaidi ya huo.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huu ni wangu mimi mzee akiona vingine ni haki yake, kiwanja kisiuzwe mwezi huu. Andikia chuo uombe kuahirisha ofa mpaka Septemba 2027, vyuo vingi vinakubali ukiwa na sababu na hujachelewa. Huo mwaka hautakaa bure. Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida inafunguliwa Agosti inafungwa Oktoba, inalipa ada, nauli na kujikimu, wanataka uwe na uzoefu wa kazi masaa 2,800 ambayo ni kama miaka miwili, na unarudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza. Kuna za Commonwealth ambazo Watanzania tunaruhusiwa kuomba. Huku unaandaa maombi ya Ujerumani kwa muhula wa Oktoba 2027, masta nyingi wanafunga maombi kabla hata ya Julai, DAAD nao, wale wa ufadhili wa masomo wa Ujerumani, uwaangalie. Ukikosa vyote na mzee bado anataka kuuza, basi hiyo hela ya kiwanja pima kama inafika euro 11,904 pamoja na nauli, ikifika inakupeleka Ujerumani mwaka mzima bila deni, kiasi hichohicho Uingereza ni nusu ya ada na mawazo.

Kuhusu mama, mwambie ukweli kabla hujaondoka kwamba mwaka wa kwanza usimwekee kwenye hesabu za vikoba. Watoto wanaona aibu kusema hili, wanaenda kule wanakula mkate na maji ili Jumamosi watume laki, na huku marejesho yameshapangwa kwa jina lao. Kama mkopo hauwezi kulipika bila wewe, ulipwe au upunguzwe ukiwa bado upo Moshi una mshahara.

Na huyo ajenti, sio lazima mgombane. Ila ujue mawakala wengi wa vyuo vya Uingereza wanalipwa na chuo kwa kila mwanafunzi aliyejisajili, ndo maana kwake wewe kuondoka Septemba hii ni muhimu kuliko wewe kumaliza. Mwombe akuandikie kwa barua pepe lile alilokwambia kwa mdomo, kwamba utafanya kazi ulipe nusu ya ada, uone kama ataandika. Uliza chuo chenyewe, sio yeye, tarehe za awamu ni lini na ukinyimwa viza dipoziti inarudi kiasi gani na kwa muda gani. Na hela yoyote utakayolipa iende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, hata akikwambia kwake kuna punguzo.